Maumivu ya kiuno, warfarini na akupancha: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha kielelezo. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika huduma ya akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, na hakimhusu mtu mmoja mahususi.

Mgonjwa ni mama wa miaka 61. Kiuno kimemuuma kwa miaka miwili, zaidi upande wa kulia. Maumivu hushuka hadi takoni lakini hayavuki goti. Akisimama zaidi ya dakika kumi hutafuta pa kuegemea. Ana tatizo la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kwa ajili hiyo anatumia warfarini ili damu isigande na kumletea kiharusi. Kwa mwaka mzima kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kimekaa kati ya 2 na 3, kiwango anachokitaka daktari wake. Anameza pia kidonge cha shinikizo la damu. Eksirei ilionyesha pingili zilizochakaa kama za watu wengi wa umri wake, basi.

Daktari alimpa parasetamoli na mazoezi. Ibuprofeni na diklofenaki alikatazwa, kwa kuwa zikikutana na warfarini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Mazoezi aliyafanya wiki mbili akayaacha. Hapo ndipo alipoamua kujaribu sindano za Kichina, na uamuzi wenyewe haukuwa wa kijinga: maumivu sugu ya kiuno ni miongoni mwa matatizo ambayo akupancha imefanyiwa utafiti mwingi zaidi.

Alichofanyiwa mwanzoni

Kliniki ya kwanza aliipata kwa tangazo. Ukutani palikuwa na vyeti vitano ndani ya fremu, na bango lililodai kwamba Shirika la Afya Duniani, WHO, limethibitisha akupancha kwa magonjwa zaidi ya mia moja. Mtoa huduma alimshika vifundo vya mikono kusoma mapigo, akamwambia atoe ulimi, kisha akatamka: "Mama, figo zako ni dhaifu. Yang imepungua." Yang ni nguvu ya joto mwilini katika nadharia ya Kichina. Mazungumzo yote yalichukua dakika tano. Hakuulizwa anatumia dawa gani. Akalipia vikao 20 kwa mkupuo, kwa sababu palikuwa na punguzo.

Alilazwa kifudifudi akachomwa sindano 14 zenye kipenyo cha milimita 0.30 na urefu wa milimita 50. Pakiti zilifunguliwa mbele yake, na hilo lilikuwa sahihi. Sindano ziliingia kwenye nukta, yaani sehemu za mwili zilizopewa majina kwa ajili ya kuchomwa: Shenshu na Dachangshu kiunoni, Weizhong nyuma ya magoti, na nyingine makalioni na kwenye mashavu ya miguu. Kwa kuwa alitaja shingo kukakamaa, aliongezewa Jianjing juu ya mabega yote mawili, nazo zikaingizwa wima. Jozi moja ya kiunoni iliunganishwa na mashine ya umeme mdogo. Baada ya dakika 30 sindano zilitolewa, akaumikwa kwa vikombe kiunoni kwa dakika 20. Alipoondoka alikabidhiwa vifuko vya unga wa mitishamba visivyo na maandishi yoyote, anywe kijiko kimoja mara mbili kwa siku "kujenga figo", pamoja na ushauri wa kupunguza dawa za hospitali kidogo kidogo.

Ushauri wa kupunguza dawa hakuufuata. Unga aliunywa.

Katika wiki ya tatu fizi zilianza kutoa damu kila akipiga mswaki, kiunoni palikuwa na mavilio meusi makubwa kuliko kiganja, na mkojo ukabadilika ukawa mwekundu. INR ilisoma 6.1. Daktari alisimamisha warfarini kwa dozi mbili, akamzuia unga, akapima tena na kuirudisha dawa kwa kipimo kilekile cha zamani. INR ikatulia kwenye 2.6. Kliniki ilipobanwa iorodheshe kilichokuwa kwenye unga, ilitaja danggui, danshen, gancao na mimea mingine minne.

Kosa lilikuwa wapi

Ukimuuliza mgonjwa, atakuambia sindano ndizo zilizomharibia damu. Si kweli, na tofauti hii ndiyo inayostahili kueleweka kabla ya mtu kuchagua kliniki. Sindano ya akupancha ni uzi wa chuma usio na tundu, mwembamba mara mbili au tatu kuliko sindano ya kuchomea dawa msulini. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2009, wagonjwa 229,230 waliopata akupancha kwa madaktari walifuatiliwa. Asilimia 8.6 walipata angalau dhara moja, mengi yakiwa mavilio ya damu, kutoka damu kidogo au maumivu pale palipochomwa. Waliotobolewa pafu walikuwa wawili. Kwa hiyo sindano, ikiwa mpya na ikiwa mikononi mwa mtu anayeijua anatomia, ndiyo sehemu salama zaidi ya huduma nzima. Hatari kubwa iko katika yanayoizunguka: dawa inayotolewa pembeni, swali lisiloulizwa, na ushauri unaogusa matibabu yaliyoagizwa na daktari.

Tuanze na unga. Danshen na danggui zote zimeripotiwa kuongeza nguvu ya warfarini na kupandisha INR. Gancao, mizizi ya susi, ikitumiwa kwa wiki kadhaa hupunguza potasiamu mwilini na kupandisha shinikizo la damu, na huyu mama alikuwa tayari na shinikizo. Mtaalamu wa mitishamba ya Kichina aliyesoma anayajua haya kama anavyojua jina lake. Ndiyo maana swali la dawa hutangulia swali la ulimi.

Kifuko kisicho na maandishi ni kosa linalojitegemea hata kama kilichomo kingekuwa hakina madhara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, kliniki ya kupunguza unene iliwapa wateja vidonge vilivyopaswa kuwa na mmea uitwao fang ji. Badala yake vilikuwa na guang fang ji, ambao ni mmea wa jenasi ya Aristolochia. Majina yanakaribiana, mizizi inafanana. Zaidi ya wagonjwa mia moja, karibu wote wanawake, waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo kila dawa inayotoka mkononi mwa mtaalamu ibebe jina la Kilatini au la pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini) la kila mmea, uzito kwa gramu, tarehe na jina la mgonjwa. Vidonge vya dukani vinavyoondoa maumivu ndani ya saa moja vitiliwe shaka zaidi: mara kwa mara maabara hukuta ndani yake deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au dawa za hospitali za maumivu.

Kuumikwa ndiko kulikoleta mavilio. Kikombe hunyonya ngozi na kupasua mishipa midogo ya damu chini yake, kwa mtu yeyote. Kwa anayetumia warfarini, dakika 20 ni nyingi mno. Kama angechanjwa pia ili damu itoke, kama inavyofanywa kwenye hijama, tungekuwa tunaandika kisa kingine.

Jianjing haikumletea shida, lakini ni bahati tu. Nukta hiyo iko juu ya bega, katikati ya mfupa wa shingo unaojitokeza na ncha ya bega, na kilele cha pafu kiko chini yake. Kwa mtu mwembamba, pafu linaweza kuwa milimita 10 hadi 20 tu kutoka kwenye ngozi. Sindano ya milimita 50 iliyosimama wima hapo ni hatari isiyo na faida yoyote ya ziada. Mtaalamu mzuri huubana msuli kwa vidole viwili, akauinua, kisha akapitisha sindano fupi kwa mshazari ndani ya msuli huo uliobanwa. Hewa ikivuja kifuani, dalili huweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa nyumbani: maumivu makali upande mmoja wa kifua yanayozidi akivuta pumzi, na pumzi kukatika. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, na daktari wa dharura aambiwe kwamba kulikuwa na sindano mabegani au mgongoni.

Weizhong iko katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, karibu na mshipa mkubwa wa damu. Kwa mtu mwenye damu iliyolainishwa kwa dawa, kuna nukta nyingine za kiuno za kutumia badala yake. Mashine ya umeme nayo haikupaswa kuwashwa kabla ya kuuliza kama ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, hasa kwa mgonjwa wa moyo.

Kisha kuna maswali ambayo hayakuulizwa kabisa. Maumivu ya kiuno mara chache huficha jambo zito, lakini likiwepo, akupancha hulichelewesha. Ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, mkojo kuziba au kutoka bila mtu kujua, au mguu kulegea ghafla, ni dharura ya upasuaji. Homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani, maumivu yasiyopoa hata usiku mtu akiwa amelala, kuanguka, au kutumia steroidi kwa muda mrefu, yote humrudisha mgonjwa kwa daktari kabla ya sindano ya kwanza.

Kauli ya "figo dhaifu" ilimfanya mama huyu asipate usingizi kwa siku kadhaa, akidhani anaelekea kusafishwa damu. Vipimo vya figo vilikuwa vizuri. Katika nadharia ya Kichina figo ni mfumo unaobeba kiuno, mifupa na uzee kwa pamoja, wala mtu hauoni kwa kipimo cha maabara. Mtaalamu mwaminifu hueleza hilo kwa sentensi mbili. Asiyeeleza, mara nyingi anajua kwamba hofu huuza vifuko.

Na lile bango? WHO ilitoa mwaka 2003 mapitio yaliyoorodhesha hali nyingi, yakakosolewa sana kwa kukubali tafiti dhaifu. Hayakuwa kibali cha kutibu kila kilichomo.

Je, inasaidia kweli?

Hapa mtoa huduma mzuri na mbaya hutambulika kwa namna wanavyojibu. Ukweli ni kwamba matokeo yamechanganyika. Jaribio kubwa la Ujerumani lililochapishwa 2007 lilichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 kwa akupancha ya kweli, asilimia 44.2 kwa sindano za kuigiza zilizochomwa juujuu nje ya nukta, na asilimia 27.4 kwa matibabu ya kawaida. Maana yake ni mbili kwa wakati mmoja: mtu anayechomwa hupata nafuu kuliko asiyechomwa, lakini nukta yenyewe haibebi uzito mkubwa kama vitabu vya kale vinavyosema. Sehemu ya nafuu hutokana na mguso, mapumziko, matarajio na muda wa kusikilizwa.

Miongozo nayo haipatani. Uingereza iliiondoa akupancha kwenye mapendekezo ya maumivu ya kiuno mwaka 2016. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka miongoni mwa tiba za kujaribu kwanza kabla ya dawa. Anayekuambia "inaponya kabisa" na anayekuambia "ni uongo mtupu" wote hawajasoma. Jibu la kweli kwa huyu mama ni kwamba ana nafasi ya kupata nafuu ya wastani, itakayoonekana ndani ya vikao sita hadi kumi au isionekane kabisa, na kwamba mazoezi bado anayahitaji.

Ndiyo maana kulipia vikao 20 mapema hakuna msingi wa kitabibu. Katika jaribio lile la Ujerumani vilikuwa 10, na vitano zaidi kwa aliyepata nafuu nusunusu. Bima ya wazee ya Marekani, tangu 2020, hulipia vikao hadi 12 ndani ya siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno, na huongeza vinane tu kama nafuu ipo.

Kumtafuta wa pili

Safari hii mgonjwa alianza na daktari wake, aliyekubali kwa masharti mawili: INR ipimwe ndani ya wiki moja kabla ya kikao cha kwanza na isizidi 3, na kusiwe na dawa yoyote ya kunywa. Kisha akapiga simu kliniki tatu akiwa na maswali yaleyale.

Swali la kwanza ni usajili. Tiba hii husimamiwa tofauti kila nchi. Australia ina bodi ya kitaifa ya tiba ya Kichina tangu 2012, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina kwenye rejista yake. Marekani majimbo mengi hutumia mtihani wa chombo cha kitaifa kilichojulikana kwa miaka mingi kama NCCAOM, na Kalifornia ina mtihani wake. China daktari wa tiba ya Kichina husoma shahada ya miaka mitano kabla ya leseni. Uingereza hakuna sheria inayolinda jina la taaluma, kwa hiyo rejista za vyama vya hiari, kama British Acupuncture Council, ndizo zinazotegemewa. Popote ulipo, kanuni ni ileile: chukua namba ya usajili, kisha itafute mwenyewe kwenye rejista. Cheti kilicho ukutani hakithibitishi kwamba usajili haujafutwa. Na leseni ya biashara, au kibali cha usafi wa jengo, husema kwamba chumba ni kisafi. Haisemi lolote kuhusu mkono unaochoma.

Mahali pasipo na rejista, uliza saa za masomo. Mwongozo wa WHO wa 1999 uliweka saa 2,500 kwa mafunzo kamili ya mtu asiye daktari, na takriban saa 200 kwa daktari aliyesajiliwa anayetaka kutumia akupancha kwa mambo machache ya fani yake. Kozi ya mwisho wa juma mbili haifiki popote karibu na hapo. Uliza pia kama usajili wake unahusu sindano peke yake au na mitishamba, maana ni mafunzo mawili tofauti, na wengi wenye la kwanza hugawa dawa kama wana la pili.

Kliniki ya kwanza kati ya zile tatu ilijibu kwamba warfarini "haina shida, tutaiondoa taratibu". Simu ikaisha hapo. Ya pili ilikuwa na usajili sahihi, lakini ilikataa kutoa bei ya kikao kimoja. Ilitaka mkataba wa vikao 15. Ya tatu mtaalamu mwenyewe alipokea, akauliza: "Mama, taja dawa zote unazomeza, hata za mitishamba na za usingizi. INR ya mwisho ilikuwa ngapi, na ilipimwa lini?" Akataka barua ya daktari kabla ya kupanga siku. Huyo ndiye aliyechaguliwa, na kwa kweli swali lake moja lilikuwa na uzito kuliko fremu zote tano za kliniki ya awali.

Matibabu yalivyokwenda

Kikao cha kwanza kilichukua dakika 70, na 40 kati ya hizo zilikuwa za kuuliza na kupima: kutembea kwa visigino na kwa vidole, kuinua mguu ulionyooka, kugusa ngozi ya miguu kuona kama hisia iko sawa. Mapigo na ulimi vilisomwa pia. Kisha viliandikwa vipimo viwili vya kuanzia: maumivu 7 kati ya 10, na dakika 10 za kusimama.

Chumbani kulikuwa na sinki, na mtaalamu alinawa mikono kabla ya kugusa pakiti. Tarehe ya mwisho ya matumizi alimwonyesha mgonjwa. Ngozi ilipanguswa kwa pamba yenye spiriti, ikaachwa ikauke, kwa sababu spiriti mbichi huuma sindano inapopita. Sindano zilikuwa nane tu, za milimita 0.20 kwa 30. Hazikugusa mabega wala nyuma ya magoti: Shenshu na Dachangshu pande mbili, zisizozidi milimita 20 kwenda ndani, kisha Yanglingquan chini ya goti kwa nje na Kunlun nyuma ya kifundo cha mguu. Alihisi uzito na mvuto hafifu, kile Wachina wanachokiita de qi. Angehisi mshtuko kama umeme unaoshuka mguuni, sindano ingekuwa imegusa neva, na ingerudishwa nyuma mara moja.

Alikuwa amekula saa mbili kabla, na alilala. Mwenye njaa akichomwa akiwa ameketi, mara ya kwanza hasa, anaweza kuzimia: jasho baridi, kichefuchefu, macho kuingia giza. Dawa yake ni kutoa sindano zote, kumlaza, kuinua miguu. Sindano ikikwama kwa msuli kukaza, haivutwi kwa nguvu. Hupapaswa pembeni hadi msuli ulegee.

Baada ya dakika 25 sindano zilitoka moja moja. Kila tundu lilibanwa kwa pamba kavu kwa dakika mbili kamili badala ya sekunde chache za kawaida, na sindano ziliingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha plastiki ngumu. Zilihesabiwa: nane zilizoingia, nane zilizotoka. Kuhesabu huku ni jambo dogo linalorukwa mara nyingi, na sindano iliyosahaulika hujulikana mgonjwa anapovaa nguo.

Kikao kilikuwa mara moja kwa wiki. Hakuna vikombe, hakuna unga, na mazoezi ya kuimarisha mgongo yalianzishwa upya, dakika 15 kila siku. Mapitio yalipangwa kikao cha sita, kwa makubaliano ya wazi: maumivu yasiposhuka angalau alama mbili, tiba inasimama. Kikao cha sita maumivu yalikuwa 4, na alisimama dakika 35. Ni kiasi gani kilitokana na sindano na kiasi gani na mazoezi, kisa cha mtu mmoja hakiwezi kutenganisha, na mtaalamu aliliandika hivyo katika barua yake kwa daktari. Mavilio yalikuwa mawili tu, madogo kama punje ya maharage. INR ilibaki ndani ya kiwango muda wote.

Vikao viliishia vinane. Mgonjwa aliomba viendelee "kwa kinga", akakataliwa, kwa kuwa alama zilikuwa hazibadiliki tena tangu cha sita. Uliandikwa kwenye jalada utaratibu wa baadaye: maumivu yakirudi yaleyale, vikao vitatu hadi vinne kisha mapitio, yakirudi na ganzi, homa au udhaifu wa mguu, aende kwa daktari kwanza na asipande kitandani kwa sindano hata moja.